Wasanii waliopigania vikwazo dhidi ya makaburu: kwa nini wao walisikilizwa (uzi mrefu)

#1 Mzee wa Santuri

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kauli inarudi humu kila msanii anapofungua mdomo kuhusu serikali ya nchi fulani: mwimbaji aimbe, siasa awaachie wenyewe. Akithubutu kuomba mataifa yabane biashara na serikali inayoua raia wake, hapo ameshakuwa kibaraka wa mabeberu. Mimi sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo, na nitaeleza kwa kisa cha Afrika Kusini, kwa sababu huko wasanii waliifanya kazi hii hadharani kwa karibu miaka thelathini. Wengine walipoteza riziki, wengine walitiwa pingu, na mwisho wa siku kuna sheria ilipitishwa.

Naanza na Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini. Alitoka kwao mwaka 1959. Mwaka 1960 mama yake akafariki. Akaenda ubalozi mdogo wa nchi yake kule New York kuomba kurudi kuzika, akaambiwa pasipoti yake haifai tena. Mtoto anazuiwa kumzika mama yake, na kosa lake ni kuonekana kwenye filamu iliyowaonyesha walimwengu jinsi watu weusi wanavyoishi Johannesburg. Julai 1963 akaketi mbele ya kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia ubaguzi wa rangi. Akaeleza kwamba nchi yake imegeuzwa gereza kubwa, akaomba kwanza kabisa mataifa yaache kuwauzia makaburu silaha, maana silaha hizo zitaelekezwa kwa wanawake na watoto. Jibu la Pretoria likawa kumvua uraia na kupiga marufuku nyimbo zake nchini.

Angalieni alichokuwa anakiomba. Hakuomba blanketi wala chakula cha msaada. Aliomba wakubwa waache kufanya biashara na watesaji. Ombi la namna hiyo lina maadui wengi kuliko ombi la msaada, kwa sababu linagusa mifuko ya watu.

Aliyemshika mkono Marekani ni mwimbaji Harry Belafonte. Albamu waliyotoa pamoja mwaka 1965, ambayo ilipata tuzo ya Grammy, ina Malaika yetu ndani yake, imeimbwa kwa Kiswahili. Nina santuri hiyo nyumbani. Jalada limechakaa pembeni lakini sauti bado ipo. Miaka kumi na minane baadaye, 1983, Belafonte huyohuyo na mcheza tenisi Arthur Ashe walianzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi wa rangi. Kazi yake kubwa ilikuwa moja: kuwashawishi wenzao wasiende kutumbuiza wala kucheza Afrika Kusini.

Sasa tuje Sun City, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Makaburu walikuwa na mpango wa kuwafanya weusi kuwa wageni ndani ya nchi yao. Walikata vipande vya ardhi, wakaviita nchi huru, kisha wakawaambia watu weusi: uraia wako uko kule. Mojawapo ni Bophuthatswana, iliyotangaziwa "uhuru" Desemba 1977. Ilikuwa vipande vipande, haijaungana hata kwenye ramani, na hakuna serikali nje ya Afrika Kusini na vinchi vyake vya kutengeneza iliyoitambua. Humo mfanyabiashara Sol Kerzner akajenga Sun City, akaifungua 1979: hoteli, kasino, viwanja vya gofu, ukumbi mkubwa wa maonyesho. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Kamari ilikuwa haramu kwa makaburu kwao, kwa hiyo Ijumaa walikuwa wanapanda magari kwenda "nchi ya nje" kucheza.

Kila mwanamuziki mkubwa aliyepanda jukwaa lile alikuwa anatoa ushahidi kwamba Bophuthatswana ni nchi kweli. Ndiyo maana malipo yalikuwa makubwa kupita kiasi. Frank Sinatra alikwenda 1981. Elton John na Rod Stewart walikwenda 1983. Queen walikwenda Oktoba 1984, na aliyekuwa mbele kwenye maikrofoni ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshaanza kutoa orodha ya majina ya waliokwenda, na jina likiingia humo, kuna miji mingine hata ukumbi hupati.

Mwaka 1985 Steven Van Zandt, mpiga gitaa aliyekuwa na Bruce Springsteen, akakusanya wanamuziki zaidi ya hamsini kurekodi wimbo wa kususia Sun City. Alikuwa ameshakwenda Afrika Kusini mwenyewe kujionea. Humo wamo Miles Davis, Bob Dylan, Run-DMC, Jimmy Cliff, Gil Scott-Heron, Bono, Peter Gabriel, Bobby Womack na Springsteen mwenyewe. Ujumbe wake ni ahadi ya mtu binafsi: mimi sitapiga muziki Sun City. Rasimu ya kwanza ilikuwa na majina ya wasanii waliokwenda, yakaondolewa baadaye, nami naona ilikuwa busara, kwa sababu lango liliachwa wazi kwa anayetaka kujirekebisha.

Kumbukeni mwaka ule wote dunia ilikuwa inaimba kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Nyimbo zile zilipigwa kila redio. Huu wa Sun City, vituo vingi vya Marekani vilikataa kuupiga, kwa sababu ulimgusa Rais Reagan na sera yake ya kuzungumza na makaburu kwa upole. Hata hivyo uliingiza zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya harakati.

Wakati huohuo Washington kuna jambo lilikuwa linaendelea. Novemba 21, 1984, Randall Robinson wa TransAfrica, shirika la Wamarekani weusi la kutetea Afrika, na wenzake waliingia ubalozi wa Afrika Kusini kwa miadi ya kawaida, kisha wakakataa kutoka. Wakakamatwa. Kesho yake wakaja wengine, na keshokutwa, hivyohivyo kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi waliokamatwa wakafika maelfu. Belafonte alikamatwa pale. Ashe alikamatwa Januari 1985. Stevie Wonder alikamatwa Februari 1985. Mwezi uliofuata akapokea tuzo ya Oscar kwa jina la Nelson Mandela, na shirika la utangazaji la makaburu likaziondoa nyimbo zake zote hewani.

Fikirieni kipofu yule anaingizwa kwenye gari la polisi, kamera zinamfuata. Mbunge wa jimbo la mbali ambaye hajawahi kuwaza habari za Soweto, mji wa weusi kando ya Johannesburg, asubuhi anaulizwa na binti yake mezani: kwa nini wamemkamata Stevie Wonder?

Oktoba 2, 1986 Baraza la Seneti lilipindua kura ya turufu ya Reagan dhidi ya mswada wa vikwazo, kwa kura 78 dhidi ya 21. Siku chache kabla, wawakilishi walikuwa wameshaipindua kwa 313 dhidi ya 83. Vikwazo vikawa sheria: hakuna uwekezaji mpya, hakuna kununua makaa ya mawe, chuma, urani, nguo na mazao ya shambani kutoka kwao, na ndege zao haziruhusiwi kutua Marekani. Msimamo wangu ni kwamba bila wasanii sheria ile ingechelewa sana, na kwa kila mwaka wa kuchelewa kuna watu wangezikwa.

Karibuni kwa hoja.

#2 Kijana wa Tukuyu

Mzee wa Santuri, heshima yako. Umeandika vizuri lakini kuna upande hujaugusa. Vikwazo vinamuumiza nani? Babu yangu alikuwa mmoja wa vijana wa Rungwe waliokwenda Wenela, yaani walioandikishwa na wakala wa migodi ya Afrika Kusini, kuchimba dhahabu ya makaburu. Alirudi na sanduku la bati, blanketi mbili na kikohozi ambacho hakikupona. Pesa aliyoleta ndiyo iliyomsomesha baba yangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mwanamuziki wa New York mwenye nyumba na bima anaposema biashara ifungwe, mimi namfikiria mchimbaji. Hata huko Afrika Kusini walikuwepo waliopinga: Chifu Buthelezi alipinga vikwazo, na Helen Suzman, mbunge aliyewatetea weusi miaka mingi, naye alipinga. Hao si makaburu. Naomba hilo lijibiwe kwa uzito wake.

#3 Binti Mazimbu

Kaka wa Tukuyu, umeuliza swali la haki, na lilishaulizwa wakati ule kabla sisi hatujazaliwa.

Aliyelijibu ni Albert Luthuli, rais wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa tamko la kuomba dunia isusie bidhaa za nchi yao. Hawakuficha kitu. Walisema wazi kwamba kususiwa kutawaletea Waafrika shida, na kwamba kama njia hiyo inafupisha siku ya kumwagika damu, basi mateso hayo ni gharama waliyo tayari kulipa. Huyo si msanii wa New York. Ni mtu aliyekuwa amewekewa amri ya kutotoka wilayani kwake.

Juni 26 ya mwaka huohuo harakati ya kususia ilizinduliwa London, na mmoja wa waliohutubia ni Mwalimu Nyerere, wakati Tanganyika haijapata hata madaraka ya ndani. Padri Trevor Huddleston naye alihutubia, yule aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi. Tulipopata uhuru, serikali ikasitisha mkataba wa kupeleka vijana migodini. Unajua maana yake kwa Rungwe, Njombe na Songea: mshahara uliokuwa unaingia ukakatika. Kwa hiyo tulipowaambia Wazungu wasinunue machungwa ya makaburu, nasi tulikuwa tumeshafunga mlango wetu wenyewe.

Mimi nimekulia Morogoro, karibu kabisa na Mazimbu, mahali ambapo ANC walipewa shamba la mkonge lililoachwa wakajenga shule ya Solomon Mahlangu. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi yao yako pale, yamepangwa kwa safu, na mengi ni ya vijana. Hao ndio waliokuwa wanaomba vikwazo. Waliovipinga walikuwepo, sikatai, lakini COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lenye wachimbaji haohao unaowahurumia, liliunga mkono. Askofu Tutu aliunga mkono, tena kulikuwa na wakati kusema hivyo hadharani nchini mwake ni kosa la jinai.

#4 Pwani Yetu

Asalaam aleykum wana jamvi.

Naomba nimsemee mtoto wa nyumbani, Freddie. Si haki kumtaja kana kwamba aliunga mkono makaburu. Queen walisema wao wanapigia watu muziki, hawapigii serikali, na waliwapigia watu wa rangi zote waliokuja. Albamu waliyoitoa kule, mapato yake walielekeza kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Hilo si jambo dogo. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwatoza faini wakalipa. Sasa mtu afanye nini zaidi?

#5 Mzee wa Santuri

Waaleykum salaam, Pwani Yetu. Ninampenda Freddie kama unavyompenda wewe, na shule ile ya viziwi siidharau.

Lakini tazama suala la "watu wa rangi zote." Ndivyo Sun City ilivyojitetea siku zote: hapa hakuna ubaguzi, mweusi anakaa popote. Ni kweli, ukiwa na nauli ya kufika na pesa ya tiketi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ile ilikuwa "nchi nyingine", na ili iwe nchi nyingine, watu weusi wa Johannesburg na Pretoria walikuwa wamevuliwa uraia wao. Kile kiti alichokalia mweusi ukumbini ndicho kilichotumika kama kibali cha kumfukuza Johannesburg.

Na zaidi ya hapo, mfano wa kufanya vingine ulikuwepo miaka ishirini kabla. Desemba 1964 Dusty Springfield, mwimbaji Mwingereza, alikwenda Afrika Kusini na mkataba wenye kipengele kwamba hataimba mbele ya ukumbi uliotenganishwa kwa rangi. Akaimba karibu na Cape Town kwenye ukumbi wenye watu mchanganyiko. Wakamfuata hotelini wakimtaka asaini ahadi ya kuacha. Akagoma, akafukuzwa nchini kabla ya kumaliza ziara. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Baadhi ya wenzake kwao walimlaumu kwamba amewaharibia soko.

#6 Mhasibu Mstaafu

Nimefuatilia kwa utulivu. Nami naomba nirudishe mambo kwenye namba, kwa sababu mnawapa wasanii sifa isiyo yao.

Kilichowavunja makaburu mgongo ni benki. Mwishoni mwa Julai 1985 Chase Manhattan ilikataa kuwaongezea muda wa mikopo ya muda mfupi, na benki nyingine zikafuata. Agosti 15 P.W. Botha akahutubia Durban, dunia ikitarajia atangaze mageuzi, badala yake akawatunishia watu kifua. Randi, sarafu yao, ikaporomoka. Ikabidi wafunge soko la hisa kwa muda, na Septemba 1 wakatangaza kusitisha kulipa madeni ya nje. Hapo sheria ya Marekani bado mwaka mzima mbele. Benki haikufanya hivyo kwa sababu ya wimbo. Ilipiga hesabu ya hatari: miji ya weusi inawaka moto, hali ya hatari imetangazwa, deni halitalipika. Waliowasha moto huo ni watu wa Soweto, Sebokeng na Port Elizabeth. Sifa iende kwao.

#7 Binti Mazimbu

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Hiyo sifa ya watu wa Sebokeng naiunga mkono kwa mikono miwili.

Ila hesabu ya benki haikuwa na Sebokeng peke yake. Miji, vyuo vikuu na mifuko ya pensheni ya Marekani ilikuwa inawaambia mabenki: ukiendelea kukopesha Pretoria, sisi tunaondoa amana zetu kwako. Uingereza wanafunzi waliisusia Barclays miaka na miaka, hadi ikauza hisa zake za Afrika Kusini Novemba 1986. Sasa mwanafunzi wa Leeds au wa California alijuaje habari za Soweto? Makaburu walikuwa wanawafungia waandishi wa habari. Mwanafunzi alijua kwa sababu ya mkutano wa chuoni, na watu walikuja mkutanoni kwa sababu kuna bendi itapiga. Mwezi Juni 1986, pale Clapham Common London, tamasha la Wasanii Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi lilikusanya umati mkubwa kabisa, na walioandaa ni mwanamuziki Jerry Dammers pamoja na Dali Tambo, mtoto wa Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni. Mswada wa vikwazo Marekani, Mheshimiwa Ron Dellums alianza kuupeleka bungeni tangu 1972. Kwa miaka kumi na mingapi haukwenda popote? Haki ilikuwa ileile, kilichobadilika ni idadi ya wapiga kura waliokuwa wanauliza.

#8 Nairobi Njema

Salamu kutoka Nairobi. Niongezee mawili.

La kwanza, Belafonte hakuanza Afrika na Mandela. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anatafuta nauli za wanafunzi wetu kwenda kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson wa besiboli. Ndege ya kwanza ilipakia wanafunzi 81. Huyo ni mtu ambaye kabla ya kutuambia tufanye nini, alikuwa ameshatoa kwake.

La pili ni la siku hizi. Mwigizaji George Clooney alikamatwa Machi 2012 mbele ya ubalozi wa Sudan kule Washington, karibu kama wale wa 1985. Baadaye yeye na John Prendergast wakaanzisha The Sentry, shirika la kuchunguza pesa za ufisadi, na 2016 wakatoa ripoti kuhusu viongozi wa Sudan Kusini na nyumba za kifahari za familia zao, nyingine zikiwa hapa Nairobi, mitaa ya Lavington. Ripoti ile iliniuma kwa sababu pesa zile zilipita kwa mawakili na mabenki ya hapa kwetu. Njia yao ni tofauti: hawaombi nchi nzima ifungiwe, wanaomba fulani na fulani wazuiliwe akaunti na viza. Mimi naona hiyo ni bora kwa mwananchi wa kawaida wa Juba. Mzee wa Santuri unaonaje?

#9 Mpenzi wa Mbaqanga

Kabla hajajibu, mbona hakuna anayemtaja Paul Simon, mwimbaji wa Marekani? Februari 1985 alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa huko, akina Ray Phiri, akawalipa mara tatu ya viwango vya New York. Huyu alikuwa ameshakataa mialiko ya Sun City. Albamu yake ya Graceland ikawapeleka Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Kizulu, duniani kote. Na bado akazomewa. Aprili 1987 pale Royal Albert Hall, Dammers na wenzake walisimama nje kumtaka aombe radhi, na ndani jukwaani yuko na Makeba na mpiga tarumbeta Hugh Masekela! Wakimbizi wawili, wenye haki ya kuzungumza kuliko Mwingereza yeyote, wako upande wa anayesusiwa. Ukiniuliza, hapo susia ilianza kuwapiga waathirika wenyewe.

#10 Mzee wa Santuri

Naanza na Mbaqanga, maana amegusa pagumu.

Belafonte alimshauri Simon kwanza azungumze na ANC. Hakufanya hivyo. Tatizo langu liko hapo tu, halipo kwenye muziki, na muziki wenyewe ni mzuri mno. Ila sikiliza kilichofuata. Mei 1987 Oliver Tambo mwenyewe alihutubia London akasema susia isiwe ya kufunga macho: sanaa inayotoka kwa wanaokandamizwa na inayopinga ukandamizaji haipaswi kususwa, inapaswa kusaidiwa. Mtoto wake Dali yuko kwenye safu ya wasusiaji, na baba anarekebisha mpaka. ANC iliweza kufanya hivyo kwa sababu amri ya kususia ilitoka kwao, na ikawa mali yao kuipunguza.

Nairobi Njema, kwa hiyo jibu langu ni hilohilo. Kumzuilia mtu akaunti ni silaha safi kuliko kufungia nchi, nakubali. Lakini kabla ya aina ya kikwazo, mimi naangalia msanii amesimama nyuma ya nani. Makeba alikuwa mtoto wa kule. Van Zandt na Belafonte walisimama nyuma ya maombi yaliyoandikwa, yenye saini za watu wa ndani. Nikiona mwigizaji amebuni mwenyewe dawa ya nchi ambayo watu wake hawajamtuma, siongozani naye, hata akitiwa pingu mara kumi.

Tena msanii atoe cha kwake kwanza. Kukataa Sun City kulikuwa kukataa pesa ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona tena maishani.

#11 Bujumbura Mwema

Amahoro, ndugu zangu. Nasoma tangu mwanzo na nilitaka kunyamaza, lakini siwezi.

Mnazungumza vikwazo kama watu waliokuwa upande wa kuviweka. Sisi tulikuwa upande wa kuvipokea. Julai 25, 1996 Meja Buyoya alipindua serikali ya kwetu Burundi. Siku sita baadaye marais wa ukanda huu wakakutana Arusha, Mwalimu akiwa msuluhishi, wakatufungia mipaka: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, wote. Nilikuwa mtoto wa shule. Petroli ilikuwa inauzwa barabarani kwenye chupa. Bei ya chumvi na sabuni ilipanda mama yangu akawa anakata kipande cha sabuni kwa kisu, anatugawia. Waliokuwa na marafiki jeshini waliingiza mafuta kwa magendo wakajenga maghorofa. Wapo Warundi walioviunga mkono wakiamini ndiyo njia ya kumleta Buyoya mezani, na mazungumzo ya Arusha yalianza kweli 1998. Wapo waliovichukia hadi leo. Vilisimamishwa Januari 1999. Katika miaka hiyo hakuna mwimbaji wa Dar, Nairobi wala Kampala aliyeimba chochote kuhusu sisi, si kwa kuvitaka wala kwa kuvikataa. Walifunga mpaka na muziki wao ukaendelea kupigwa kwenye redio zetu.

#12 Kijana wa Tukuyu

Ndugu Bujumbura, pole sana. Hiki ndicho nilikuwa naulizia tangu posti ya pili, umekieleza kuliko mimi.

Dada Mazimbu, la Luthuli nimelipokea, linanitosha kwa Afrika Kusini. Sasa niulize: nani alijua ni lini wa kuviondoa? Maana kuweka naona ni rahisi.

#13 Binti Mazimbu

Kaka, sheria ile ya Marekani iliandikwa na masharti yake ndani, ikiwemo kumwachia Mandela na wafungwa wa kisiasa, kuondoa hali ya hatari na kuruhusu vyama. Rais Bush aliviondoa Julai 1991 akisema masharti yametimia. ANC walilalamika kwamba amewahi mno, maana mweusi alikuwa bado hana kura.

Hili ndilo lililokuwa tatizo hata kwa matamasha. Lile la uwanja wa Wembley, London, Juni 11, 1988, la miaka sabini ya Mandela, lilirushwa na BBC na kuonekana nchi zaidi ya sitini. Waandaaji walilazimika kulifanya la kumpongeza mzee aliye kifungoni, bila kuhubiri vikwazo, ili televisheni zikubali. Runinga ya Marekani ikakata na hotuba zilizobaki. Watu wa harakati waliumia, lakini walilikubali kwa sababu ya idadi ya watazamaji. Aprili 16, 1990 wakarudia hapohapo Wembley, na safari hii Mandela mwenyewe, miezi miwili tangu atoke gerezani, akapanda jukwaani. Umati ukampigia makofi dakika kadhaa kabla hajaanza. Alichowaomba ni kwamba vikwazo visilegezwe. Alisema mwenyewe kile ambacho miaka miwili nyuma wasanii waliambiwa wasikiseme.

Septemba 24, 1993, baada ya kukubaliana kuundwa chombo cha kusimamia kipindi cha kuelekea uchaguzi, Mandela alikwenda Umoja wa Mataifa New York akaomba vikwazo vya kiuchumi viondolewe. Vikaanza kuondolewa. Uchaguzi ukafanyika Aprili 27, 1994.

#14 Pwani Yetu

Ahsante dada. Hilo la Tambo na mwanawe nilikuwa silijui. Kwa Freddie bado nina moyo mzito, lakini nimeelewa kiti kile kilikuwa kinafanya kazi gani.

#15 Mzee wa Santuri

Bujumbura Mwema, nakuomba kitu kimoja kama ndugu. Fungua uzi wako kuhusu 1996 hadi 1999: bei sokoni, magendo ya mafuta, nani alivitaka na nani alivikataa, na Arusha ilivyoonekana kutoka Bujumbura. Humu tumeandika sana kuhusu Pretoria na karibu hakuna kitu kuhusu vikwazo ambavyo sisi wenyewe tuliviweka kwa jirani. Nitakuja kusoma, na sitakuja kubishana.

#16 Bujumbura Mwema

Sawa, mzee. Nipe hadi Jumamosi. Kwanza nitamuuliza mama bei ya sabuni ilikuwa ngapi, bado anaikumbuka.